Kamba Mbili na Kalamu Moja

Kitendawili!

Tega!

Ana mikono miwili, hana miguu, kaning'inia ukutani wala hatembei, lakini hakuna pahala ubaoni asipofika.

Si popo. Si mjusi. Si saa ya ukutani. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Makunduchi? Ahsanteni. Nimekwenda Makunduchi, nimekaribishwa, nimekula nikashiba, na wenyeji wakaniruhusu nirudi nikawape jawabu. Jawabu ni mashine ya kuchorea: mota mbili juu, mikanda miwili, na kalamu moja inayoning'inia katikati. Ipeni kadibodi ya boksi la friji, nayo itawachorea ramani, nakshi za mlango, pazia la mchezo wa kuigiza au herufi kubwa za sherehe ya skuli.

Leo nawaeleza inavyofanya kazi na namna ya kuiunda wenyewe hapa hapa Unguja, kwa vitu ambavyo vingi vimelala kwenye stoo za mafundi. Kabla hatujagusa waya, tuanze na kamba.

Misumari miwili

Chukua ubao mpana uuegemeze ukutani. Pigilia misumari miwili juu, mmoja kushoto na mmoja kulia, umbali wa sentimita 140. Iwe kimo kimoja. Hakikisha kwa pima maji. Funga kamba mbili kwenye kalamu moja, kisha pitisha kila kamba juu ya msumari wake. Mwenzako mmoja ashike ncha ya kushoto, mwengine ya kulia. Kalamu itaning'inia kwa uzito wake, sawa na timazi ya fundi muashi, ila hii ina kamba mbili.

Sasa mwambie wa kushoto aache kamba ya sentimita 150 kutoka msumarini hadi kwenye kalamu, na wa kulia aache 130. Kalamu itatulia mahali pamoja tu. Ivute pembeni kisha uiachie, itarudi pale pale. Pima: ipo sentimita 120 chini ya usawa wa misumari, na sentimita 90 kulia kwa msumari wa kushoto.

Kwa nini hapo na si kwengine? Muulizeni fundi anayejenga nyumba huko Fumba au Bububu jinsi anavyohakikisha kwamba kona ya msingi ni mraba. Atakwambia hupima tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na kutoka ncha hadi ncha lazima apate tano. Zidisha kila namba kwa 30 upate 90, 120 na 150. Kamba yetu ya kushoto ndiyo hiyo tano ya fundi. Upande wa kulia mambo ni yale yale: 50 kwenda pembeni, 120 kwenda chini, na kamba ni 130. Kwenye daftari la hesabu mnaiita kanuni ya Pythagoras. Fundi muashi anaitumia kila siku bila kulitaja jina hilo.

Shikeni neno hili, maana mashine nzima imejengwa juu yake: kila nukta ya ubao ina anwani yake, na anwani hiyo ni namba mbili tu, urefu wa kamba ya kushoto na urefu wa kamba ya kulia. Anayeweza kupima kamba mbili ataifikisha kalamu popote anapotaka.

Mstari unaolegea

Hebu tujaribu kuchora mstari. Kalamu iko kwenye anwani ya 150 na 130. Tunataka iende kushoto sentimita 40, bila kupanda wala kushuka. Huko iendako anwani yake ni 130 na 150. Inaonekana rahisi: wa kushoto avute sentimita 20, wa kulia aachie 20, kwa mwendo mmoja.

Fanyeni hivyo, kisha tazameni mstari. Umelegea katikati! Hamkukosea kuvuta. Mlipofika nusu ya safari, kila kamba ilikuwa na sentimita 140. Fanyeni hesabu: kwa urefu huo kalamu inakaa sentimita 121.2 chini ya misumari, nasi tulitaka ibaki 120. Imezama zaidi ya sentimita moja. Ili ipite pale katikati panapostahili, kila kamba ilitakiwa iwe na sentimita 138.9.

Dawa yake ni kuukata mstari vipande vidogo. Kata sentimita 40 ziwe vipande 400 vya milimita moja moja, na kwa kila kipande piga hesabu ya anwani mpya. Baina ya kipande na kipande kalamu bado inazama, lakini kidogo mno hata jicho halioni. Mtu akipewa hesabu 400 kwa ajili ya mstari mmoja atatupa kalamu akaogelee Forodhani. Kompyuta haichoki, ndiyo maana kazi hii tunaiachia.

Waliotangulia

Mashine za kuchora kwa kalamu si ngeni duniani. Mwaka 1959 kampuni ya Marekani iitwayo CalComp ilitoa mashine yake ya namba 565. Karatasi ilizungushwa kwenye pipa huku kalamu ikienda kushoto na kulia. Wahandisi waliipenda kwa sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa zikitoa majibu kwa namba tupu, kurasa kwa kurasa, na sasa waliweza kuyaona majibu hayo kwa mistari.

Ya kuning'inia ilipata sifa mwaka 2002, pale Mswisi Jürg Lehni alipounda Hektor pamoja na mhandisi Uli Franke. Hektor ilikuwa na mota mbili na mikanda yenye meno, na badala ya kalamu ilibeba kopo la rangi ya kupuliza. Iliweza kuchora ukuta mzima, na yote ikafungwa na kuingia kwenye sanduku la safari. Hapo ndipo penye uzuri wa kamba: mashine yenye reli za chuma ikitaka kukua lazima reli nazo zikue, lakini ya kamba inahitaji kamba ndefu zaidi tu.

Wala msidhani kwamba vitu hivi huundwa Ulaya peke yake. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou aliunda printa ya 3D akitumia vipande vya kompyuta na mashine nyengine zilizotupwa. Nairobi iko kampuni ya AB3D, iliyoanzishwa na Roy Ombatti, ambayo nayo hutumia vifaa vya taka za kielektroniki kuundia printa za namna hiyo. Tena printa ya 3D ni ngumu kuliko mashine yetu, kwani lazima ijue kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini.

Vifaa

Kwanza ubao wa nyuma. Plaiwudi ya futi nne kwa nane ukiilaza inakupa takriban sentimita 244 kwa 122. Iegemeze ukutani kwa mshazari mdogo ili kalamu iiegemee. Ukiisimamisha wima kabisa, kalamu itacheza mbele na nyuma na mstari utakatika.

Pili, mota mbili za hatua, zitakazokaa pale palipokuwa na misumari. Mota ya feni ukiiwasha inazunguka mfululizo. Mota ya hatua hupewa amri: sogea hatua moja, simama, sogea nyengine, simama. Nyingi hufanya hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Hupatikana ndani ya printa na fotokopi kuukuu, kwa hivyo pitieni kwa mafundi wa kompyuta muulize walizoshindwa kutengeneza. Tafuteni mbili za aina moja, maana kila mota ikiwa na idadi yake ya hatua mtapata shida ya hesabu. Na hapa naomba mnisikilize: kisanduku cha umeme cha printa msikifungue. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mwachieni fundi atoe mota. Nyinyi tumieni adapta nzima ya volti 12, na mtu mzima awepo.

Tatu, mikanda miwili yenye meno, ambayo meno yake yanapishana milimita 2, na puli mbili za meno 20. Piga hesabu: puli ikizunguka mara moja inavuta milimita 40. Gawa kwa hatua 200, kila hatua ni milimita 0.2. Kisahani cha kielektroniki kinachoiendesha mota kinaweza kuigawa kila hatua mara 16, kwa hivyo milimita moja ina hatua ndogo 80. Zile sentimita 20 alizovuta mwenzako kwa mkono, mota itazihesabu hatua ndogo 16,000 bila kuruka hata moja.

Kamba ya kawaida haifai hapa. Inarefuka ikivutwa, na ikijizungusha kwenye kigurudumu inajilaza safu juu ya safu, kigurudumu kinanenepa, na hesabu inaharibika. Meno ya mkanda hayatelezi. Kwenye ncha ya nje ya kila mkanda ning'iniza chupa ndogo yenye mchanga ili mkanda ukae vizuri kwenye puli.

Nne, bodi ya Arduino, aina ya kompyuta ndogo iliyoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Hiyo ndiyo inayopokea anwani na kuziamuru mota. Programu za kuhesabu kamba zimeshaandikwa na zinatolewa bure, kama vile Polargraph ya Sandy Noble na Makelangelo ya Dan Royer.

Tano, kibebea kalamu. Kata duara la ubao mwembamba, toboa tundu katikati, pachika maka peni. Mikanda yote miwili ifungwe kwenye pete inayoizunguka kalamu, ili mvuto wa kushoto na wa kulia ukutane pale pale ilipo ncha. Ukiifunga pembeni mwa duara, kibebea kitainama kila kinapokaribia ukingo, na kalamu itakuwa pengine na hesabu pengine. Ongeza mota ndogo ya servo yenye kijiti cha kuisukuma kalamu mbali na ubao, la sivyo mashine haitajua kuruka kutoka herufi moja hadi nyengine.

Mkishaunganisha, msikimbilie kuchora picha. Iamrisheni mashine ichore mraba wa sentimita 40 kwa 40. Pimeni kona hadi kona, mshazari huu na mshazari ule. Yote miwili ikiwa 56.6, mashine imekaa sawa. Mmoja ukizidi mwenzake, rudini mkapime tena umbali wa mota na usawa wake. Hata mabingwa wa ujenzi hawamwagi zege kabla ya kupima mishazari.

Tabia za kadibodi

Chukua kipande cha boksi ukitazame ubavuni. Utaona karatasi mbili zilizonyooka, na katikati karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York alipewa hataza ya kutumia karatasi ya mawimbi kufungia chupa zisivunjike. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa kadibodi nguvu, na ndiyo yatakayoisumbua kalamu yenu. Ukichora kwa kuyakata mawimbi, kalamu ngumu inapanda na kushuka, na mstari unatoka na vinundu. Kalamu ya bolpeni lazima uikandamize, na mashine inayoning'inia haina nguvu ya kukandamiza. Maka peni yenye ncha laini inatosha kugusa tu.

Halafu kuna hewa ya kisiwani. Wakati wa masika kadibodi hunywa unyevu na kujikunja pembeni. Ilazeni chini ya ubao mzito usiku mzima kabla ya kuichora, na mkiibana kwenye plaiwudi ibaneni pembe zote nne. Kusi ikivuma, fungeni madirisha, kwa sababu kibebea kinachoning'inia hupepesuka na mstari unaandika upepo. Mwendo nao uwe wa taratibu. Mota zikikimbia, kalamu inabembea, na kila kona inatoka na mkia.

Umeme ukikatika? Wazee wenu wanakumbuka Desemba 2009, umeme wa Unguja ulipokatika usirudi mpaka Machi 2010. Siku hizi huenda ukakatika kwa dakika tano tu, lakini kwa mashine hii dakika tano zinatosha. Mota hazioni kalamu ilipo, zinahesabu hatua tu. Umeme ukienda, mota zinalegea, kibebea kinaporomoka, na hesabu yote inasahaulika. Kwa hivyo wekeni alama moja ubaoni, muiite nyumbani, ambayo anwani yake mmeipima kwa mkono. Gawanyeni picha mafungu madogo, na kila fungu lianzie nyumbani. Likiharibika moja, mengine yamesalimika.

Unguja yote kwenye boksi

Kazi ya kwanza ninayowapendekezea ni ramani ya kisiwa chetu. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wadau wengine, ilirusha droni juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za kutengenezea ramani. Mkiwa na ramani ya kisiwa kwenye kompyuta, fuateni ukingo wa pwani mkiweka nukta baada ya nukta. Programu itazigeuza nukta hizo kuwa anwani za kamba.

Unguja ina urefu wa kama kilomita 85 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kama kilomita 39 pale inapotanuka. Tukiamua sentimita moja iwe kilomita moja, ramani itakuwa na sentimita 85 kwa 39. Umbali wetu wa sentimita 140 baina ya mota unatosha. Anzeni Ras Nungwi kama sentimita 30 chini ya usawa wa mota, msipande zaidi. Juu kabisa mikanda inakaribia kulala, na mota zinahitaji nguvu nyingi kuinyanyua kalamu kidogo tu. Msikaribie sana pembeni pia, kwani huko mkanda mmoja hubeba takriban uzito wote na wa pili unalegea.

Sasa angalieni jambo. Ncha ya maka peni ina unene wa milimita 2. Kwenye ramani hii, milimita 2 ni mita 200 za ardhi. Kisiwa cha Mnemba kitakuwa kitone. Na Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una ukubwa wa kama hekta 96, karibu kilomita moja ya mraba. Wote mzima, na misikiti yake, baraza zake, Darajani na Ngome Kongwe, utaingia ndani ya sentimita moja ya mraba. Kalamu ikipita mara tano umeshaufunika wote.

Basi kila mchoro una kazi yake na kipimo chake. Mkitaka vichochoro, chukueni kadibodi nyengine na muamue milimita moja iwe mita 2. Kilomita moja sasa ni sentimita 50, na kichochoro cha mita 2 ni mstari wa milimita moja. Badilisheni maka peni muweke yenye ncha nyembamba. Mota hamkuzigusa wala mikanda hamkubadilisha. Ni hesabu tu iliyobadilika.

Nakshi kwa ukubwa wake

Kazi nyengine inayoufaa mji huu ni vigezo vya nakshi. Simameni mbele ya mlango wa kuchonga mtazame mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Mchoro wake hujirudia, ua baada ya ua, kutoka chini hadi juu. Fundi wa nakshi huchora kwanza kwa penseli na bikari, kisha patasi inafuata. Mkipima ua moja vizuri, mashine inaweza kulirudia kwenye kadibodi kwa urefu wote wa mfaa, ukubwa ule ule wa mlango. Kigezo kama hicho kinafaa kwa mwanafunzi wa mafunzo ya amali anayeanza kushika patasi, na kinafaa kwa kumbukumbu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nakshi iliyopimwa na kuchorwa mapema humpa fundi pa kuanzia siku ya kuijenga upya.

Lakini muombeni ruhusa mwenye mlango kabla ya kupima, na mkimaliza kigezo mpelekeeni fundi akitazame. Atawaonyesha ua lililobanwa kidogo ili safu iishie sawa juu, au jani lililopindishwa kukwepa fundo la mti. Mashine hurudia ilichopewa. Fundi anautazama ubao ulio mbele yake.

Zoezi la nyumbani

Misumari iko umbali wa sentimita 200. Kamba ya kushoto ina sentimita 160, ya kulia 120. Kalamu iko wapi? Wenye kupenda hesabu watapiga kwa penseli. Wasiopenda wachukue kamba, misumari na futi. Mkipata sentimita 128 kulia kwa msumari wa kushoto na 96 kwenda chini, mmeshaielewa mashine kabla ya kununua hata waya mmoja. Mkipata namba nyengine, angalieni kwanza kama misumari yenu iko usawa mmoja.